Risasi Iliyokosa Nayo Ina Somo

Jumatatu ya tarehe 25 Agosti 2014, familia moja ya New Jersey iliyokuwa likizoni ilifika kwenye uwanja wa shabaha huko White Hills, jangwani katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Las Vegas. Uwanja ule ulikuwa kivutio cha watalii. Mgeni alilipa, akapewa bunduki ya kivita na mwalimu wa kumsimamia, akafyatua, akapiga picha, akala, akaondoka. Watoto waliruhusiwa kuanzia umri wa miaka minane. Binti wa familia hii alikuwa na miaka tisa.

Alipewa bunduki fupi ya mfululizo iitwayo Uzi. Mwalimu wake, mwanamume wa miaka 39 aliyewahi kuwa askari, alisimama ubavuni mwake upande wa kushoto, karibu kabisa. Alimpanga miguu, akamwelekeza namna ya kushika, akamwacha apige risasi moja. Ilikwenda vizuri. Mwalimu akamsifu, kisha akaiweka bunduki kwenye mpigo wa mfululizo. Binti alipobana kifyatulio, mtutu ulipanda juu na kugeukia kushoto, na risasi ikampata mwalimu kichwani. Mtoto alilalamika kwamba bunduki imemshinda nguvu na imemuumiza bega, na jamaa zake wakamkimbilia yeye wakidhani ndiye aliyeumia. Mwalimu alipelekwa hospitali Las Vegas kwa helikopta, akafariki usiku uleule.

Hakuna aliyeshtakiwa. Mamlaka zililichukulia tukio hilo kuwa ajali ya kazini. Sisi nasi tuna msemo wa kufungia mazungumzo ya namna hii: ajali haina kinga. Husemwa msibani kwa nia njema, ili kuwapoza wafiwa. Lakini ukitoka kinywani mwa mtu aliyepewa dhamana ya uwanja wa shabaha, msemo huo ni wa hatari. Ajali hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikwisha kujulikana miaka sita kabla.

Tarehe 26 Oktoba 2008, katika mji wa Westfield, jimbo la Massachusetts, palifanyika maonyesho ya bunduki kwenye uwanja wa klabu moja ya walenga shabaha. Mvulana wa miaka minane alipewa Micro Uzi, bunduki ya ukoo uleule ila fupi zaidi, apige maboga. Aliyekuwa akimsimamia pale mstarini alikuwa kijana wa miaka 15. Baba wa mtoto alikuwa nyuma yao, anarekodi kwa kamera. Mtutu ukapanda, ukamgeukia mtoto mwenyewe, na risasi ikamuua. Mwandaaji wa maonyesho alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Januari 2011 mahakama ikamwona hana hatia.

Wahenga walituachia agizo la wazi: mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Kisa cha Westfield kilitangazwa dunia nzima, kesi yake ikasikilizwa hadharani, na mkanda wa video ukaonyeshwa mahakamani. Kila mwenye uwanja wa kukodisha bunduki za mfululizo alikuwa na nafasi ya kujiuliza: je, hapa kwangu mtoto anaweza kushika silaha ya aina ile, ikiwa imejaa risasi? Huko Arizona jibu lilikuwa ndiyo, na likaendelea kuwa ndiyo hadi mwalimu alipoanguka.

Tuangalie jinsi bunduki hii inavyofanya kazi, maana kinga imo humohumo. Uzi ya kawaida hutoa risasi zipatazo 600 kwa dakika, yaani kumi kila sekunde. Micro Uzi hutoa zaidi ya 1,000 kwa dakika. Kila risasi ikitoka, bunduki husukumwa nyuma, na kwa kuwa mtutu umekaa juu ya mkono unaoishika, msukumo huo huuinua. Risasi ikiwa moja, mkono hupata nafasi ya kuurudisha mtutu chini. Zikiwa mfululizo, ya pili hutoka mtutu umeshainuka, na ya tatu hutoka umeinuka zaidi. Mtu mzima mwepesi huhitaji kama robo ya sekunde kung'amua kwamba mambo yameharibika na kuanza kuchukua hatua. Katika robo hiyo, risasi mbili au tatu zimekwisha kutoka. Waliounda Uzi waliweka kizuizi nyuma ya mpini, ili mtu asipoubana mpini bunduki isifyatuke. Lakini mtu aliyeshtuka haachii alichoshika, bali hukibana zaidi, na mkono uliokakamaa kwa hofu hukifanya kizuizi hicho kisifae kitu.

Kinga ya ajali kama hizi haihitaji fedha wala mtambo. Mwanafunzi mgeni huwekewa risasi moja tu kwenye magazini. Akiimudu, huwekewa mbili. Magazini yenye risasi mbili haiwezi kutoa ya tatu, hata aliyeishika ashtuke namna gani. Mwalimu husimama nyuma kidogo ya bega la mwanafunzi, mahali ambapo mtutu hauwezi kumfikia kwa urahisi, na mkono wake hukaa tayari kuidhibiti bunduki. Na kabla ya hayo yote lipo swali moja: huyu anastahili kupewa silaha hii? Kwa mtoto wa miaka minane au tisa na bunduki ya mfululizo, jibu ni hapana, hata mzazi akilipa, hata mtoto akilia.

Sisemi haya kumhukumu marehemu, yule mwalimu wa Arizona. Watoto wake walionyesha moyo ambao wengi wetu hatungekuwa nao: walirekodi ujumbe wa kumfariji yule binti. Ninachouliza ni jinsi mtu mwenye ujuzi, katika kazi aliyoifanya mara nyingi, anavyoweza kufika mahali akasimama pale aliposimama. Jibu langu ni kwamba hufika hapo kwa sababu ya siku zote zilizopita salama.

Dereva aliyezoea kupita magari kwenye kona bila kuona mbele hufika nyumbani mara ya kwanza, ya kumi, ya hamsini. Kila akifika, anazidi kuamini kwamba ana ujuzi, kumbe ni gari la upande wa pili tu ambalo halijatokea. Uwanja wa shabaha nao huwadanganya watu namna hiyo. Mtu akigeuka na bastola mkononi kumwonyesha rafiki yake, mtutu ukapita vifuani mwa watu watano, na isifyatuke, wote hucheka na kuendelea. Risasi ikilia bila kutarajiwa ikazama kwenye udongo, msimamizi hukemea kidogo, kisha yanaisha. Mtu akivuka mstari kwenda kubandika karatasi yake ya shabaha wenzake hawajaweka silaha chini, akarudi mzima, jambo hilo halihesabiwi. Wenyewe husema hakikutokea kitu. Ukweli ni kwamba kosa limetokea lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kilichokosekana ni mtu kusimama mahali ambapo risasi ilipita au ingepita.

Mazoea yana taabu, na bunduki haimjui mzoefu. Mwaka 2004 huko Orlando, Florida, ofisa wa serikali wa kupambana na dawa za kulevya alikuwa akizungumza na watoto juu ya usalama wa silaha. Bastola aliyokuwa akiwaonyesha ikafyatuka mkononi mwake, risasi ikaingia kwenye paja lake mwenyewe. Ilikwenda chini, naye akapona. Ingekwenda mbele, mbele palikuwa na watoto.

Ushahidi mzito zaidi wa gharama ya kupuuza ishara ulipatikana nje ya uwanja wa shabaha, mahali pa kupigia filamu. Tarehe 21 Oktoba 2021 huko New Mexico, mpiga picha wa filamu ya Rust, Halyna Hutchins, aliuawa kwa bastola iliyotangazwa kuwa haina risasi ya moto. Mwongozaji wa filamu alijeruhiwa kwa risasi hiyohiyo. Idara ya jimbo inayosimamia usalama kazini ilipochunguza, iligundua kwamba silaha zilikwisha kufyatuka bila kukusudiwa mara mbili kabla ya siku ile. Hizo zilikuwa risasi baridi, wala hazikumdhuru mtu. Wasimamizi walijua, lakini hawakusimamisha kazi wala kutafuta chanzo. Aprili 2022 idara hiyo iliitoza kampuni ya filamu faini ya dola 136,793, kiwango cha juu kabisa ilichoruhusiwa kutoza. Kengele ilikuwa imelia mara mbili, na kila mara aliyeisikia alishukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia, kisha akaendelea na ratiba.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya Wamarekani na bunduki zao. Archer's Post katika nchi ya Wasamburu, na Dol Dol huko Laikipia, ni maeneo ya Kenya ambayo majeshi yameyatumia kwa mazoezi ya kufyatua, likiwamo jeshi la Uingereza kwa miongo mingi. Si kila bomu lililorushwa huko lililipuka. Yaliyogoma yalibaki kwenye nyasi ambako wafugaji wa Kisamburu na Kimaasai hulisha mifugo, na wachungaji, wengi wao watoto, wakayaokota au kuyakanyaga. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono na miguu. Julai 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa waathirika 228 pauni milioni 4.5. Kwa askari aliyekuwa akifanya mazoezi siku ile, bomu lililogoma kulipuka lilikuwa shabaha iliyoharibika tu, akafunga virago akarudi kambini. Kwa mtoto aliyelikuta miaka kadhaa baadaye, ndipo lilipomaliza kazi yake.

Aliyefundishwa vizuri anaijua sheria hii hata kwa risasi moja ndogo. Ukibana kifyatulio ukasikia "ta" bila mlio, usigeuze bunduki kuichungulia. Unaiacha imeelekea kwenye shabaha, unasubiri nusu dakika, maana baruti inaweza kuwa imechelewa kushika moto. Na mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, unasimama kabisa, kwa sababu risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na itakayofuata inaweza kuupasua. Kisichotokea unakihesabu kuwa kinakuja, hadi utakapohakikisha vinginevyo.

Mwanajeshi wa zamani wa Marekani, Jeff Cooper, aliyefungua chuo cha silaha katika jimbo hilohilo la Arizona mwaka 1976, alisambaza kanuni nne ambazo leo hufundishwa karibu kila mahali. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla hujalenga. Hakikisha unachokilenga, na kilichoko nyuma yake. Mtu akisahau moja, nyingine humwokoa, na ndiyo maana makosa mengi huishia kwenye udongo. Mimi naongeza agizo kwa wanaosimamia: kanuni moja ikivunjwa, hesabuni kwamba mtu amepigwa. Simamisheni zoezi, ondoeni risasi, semeni kilichotokea mbele ya wote, kiandikeni.

Na hapa kwetu kuna ugumu wake, ambao lazima tuutaje. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anayekwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nchini Tanzania, mlinzi wa kampuni binafsi anayepelekwa renji, polisi wa akiba kule vijijini, wote hawa hushika bunduki mbele ya mtu wanayemwita afande. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na jeshini heshima hiyo ni amri. Kuruta akiona mtutu wa afande umepita tumboni mwa mwenzake, atasema nini? Mara nyingi hunyamaza, na wenzake wote pale mstarini hunyamaza naye. Ndiyo maana uwanja salama huwa na neno moja ambalo yeyote, hata aliyefika leo asubuhi, anaruhusiwa kulipaza bila kuomba ruhusa: "Simamisha!" Likisikika, kila kidole kinatoka kwenye kifyatulio, kila mtutu unabaki upande wa shabaha, na aliyelipaza haadhibiwi hata kama aliona vibaya. Afande anayeipenda heshima yake atawaambia hivyo kuruta wake siku ya kwanza: nikikosea, nipigieni kelele. Heshima yake haipungui kwa hilo, na watu wake wanarudi nyumbani wazima.

Kwa mzazi, mwalimu wa shule au mwenye leseni anayetaka kwenda au kumpeleka mtu kulenga shabaha, nashauri hivi. Kabla ya kusaini fomu, muulize msimamizi makosa gani yametokea kwenye uwanja wake mwaka huu bila kumuumiza mtu, na nini kilibadilishwa baada ya kila moja. Akifungua daftari akakusimulia, hapo pana watu wanaojifunza. Akikujibu kwa kujivuna kwamba kwake hakujawahi kutokea kitu, mchukue mwanao, ondokeni.