Rangi Juu ya Lengelenge

Msata hakuna bahari. Ni njia panda tu: magari ya Tanga na Moshi yanapita, mengine yanakata kwenda Bagamoyo, kilomita 64. Lakini swali langu la leo linawahusu mafundi wa bodi za magari huku na mafundi wa boti kule pwani: fundi akipiga rangi juu ya ubovu, akanyamaza, amesema uongo?

Chukua boti ya tanga ya faiba, iliyokaa majini miaka 20. Sehemu inayozama inaanza kutoka malengelenge. Maji hupenya taratibu kwenye tabaka la nje linalong'aa, yakakutana na kemikali zilizobaki ndani bila kukamilika kuwa ngumu. Hapo hutokea majimaji yenye asidi, yanavuta maji zaidi, ngozi inavimba. Ukilitoboa lengelenge, mara nyingi linanuka kama siki.

Jahazi la mbao halina siri. Kalafati ikilegea, maji yanaingia na mnayafua. Faiba inaumwa kimya kimya.

Tiba yake ni ndefu: kukwangua, kuosha kwa maji yasiyo na chumvi, kuacha ikauke kwa wiki, pengine miezi, ndipo ipakwe epoksi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukiwahi kuziba, unaufungia unyevu ndani.

"Mteja kataka rangi tu, na boti ni yake." Hoja hiyo ina uzito. Ila boti huuzwa. Mnunuzi wa kesho hakuwepo kwenye makubaliano, na rangi mpya itamwambia chombo ni kizima. Aliyemwambia ni nani, kama si fundi?

Lakini kuna uongo wa pili, nao unalipa zaidi. Malengelenge machache madogo kwa kawaida hayazamishi chombo. Fundi anayemtisha mwenye boti ili alipie kukwangua chombo kizima naye kadanganya, ingawa kila lengelenge alilomwonyesha lipo kweli. Sisi waandishi wa habari tunazijua njia zote mbili: habari nyingine tunaipaka rangi, nyingine tunaivimbisha.

Kwa hiyo kutaja kasoro hakutoshi. Lazima utaje na uzito wake. Mimi ningetaka risiti ya fundi iandikwe hivi: malengelenge mangapi, yako wapi, yana kina gani, yalikaushwa siku ngapi. Anayenunua asome, aamue mwenyewe.