Jirani Usiyemwona

Nilipokuwa mwalimu kijana, shule yetu ilikuwa na chombo cha kupimia mvua. Watoto walikisoma kwa zamu na kuandika katika daftari la darasa. Mwisho wa juma hakuna aliyekwenda. Jumatatu moja nilimkuta kiranja akijaza nafasi zilizobaki wazi kwa tarakimu alizobuni mwenyewe. Nilimtazama, kisha nikatia sahihi yangu, maana mkaguzi alikuwa njiani. Nikajiambia: nani atadhurika?

Swali hilo limenirudia karibuni. Mwanangu, ambaye naye ni mwalimu, alinieleza habari za mpango uitwao GLOBE, ulioanza kazi mwaka 1995 kutoka Marekani, na ambao sasa unaunganisha shule za nchi zaidi ya 100, Kenya na Tanzania zikiwamo. Wanafunzi hupima mvua, joto la hewa, mawingu na udongo, kisha hupeleka vipimo vyao kwa intaneti, vikawekwa pamoja. Mtoto wa Kenya aweza kuona yaliyopimwa na mwenzake wa Norway, na wataalamu nao huvitumia.

Wengi wetu tuna wasiwasi juu ya intaneti shuleni, wala si bure. Tena wako waulizao: ya nini kumtafutia mtoto mwenzi wa mbali, hali hajajifunza kumsaidia yule wa dawati lake? Nami nilisema hivyo, mpaka niliposikia kanuni moja ya mpango huo.

Mvua husomwa kila siku karibu na saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa. Kama haikunyesha, mwanafunzi huandika sifuri. Lakini kama hakukisoma chombo, hana ruhusa ya kuandika sifuri. Huandika herufi M, yaani kipimo kimekosekana. Na mvua iliyokusanyika kwa siku kadhaa huandikwa kwa jumla, pamoja na idadi ya siku hizo. Haigawanywi kwa kukisia.

Basi sifuri ni ushahidi: nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na kitu. M ni ungamo: sikwenda. Daftari letu halikuwa na mahali pa ungamo, nami sikumpa yule kiranja nafasi ya kusema kweli.

Hapo ndipo nionapo faida kubwa ya darasa moja kushirikiana na darasa la mbali. Mwalimu aliye karibu aweza kwenda kuhakikisha. Yule wa mbali hawezi. Hana ila neno lako. Kwa hiyo asiyeweza kutuchunguza ndiye tunayemwia kweli zaidi. Na mtoto azoeaye kumtendea haki asiyemwona, hatashindwa kumtendea haki wa dawati lake, kwa maana atajua kwamba zamu yake akiiacha, mwenzake ndiye atakayebaki na pengo.

Walimu wenzangu, kazi hii yaweza kuanza kwa daftari tu, hata kabla ya kompyuta kufika. Ila msilisifu daftari kwa sababu limejaa. Msifuni mtoto aliyeandika M bila kuogopa.

Yule kiranja sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Nikikutana naye nitamwambia kwamba kosa la siku ile lilikuwa langu.