KIKUNDI NI CHA NANI?



Hapa Baraka na huko Fizi vikundi vinazaliwa kila mwaka: vya akina mama wa mihogo, vya wavuvi, vya vijana. Siku ya kufunguliwa vyote vinapendeza. Halafu mfadhili anakuja na mradi, mradi unaisha, na kinachobaki ni kibao kando ya barabara. Je, ni vibaya kupokea msaada? Hapana. Ubaya unaingia siku ile wanamemba wanapoacha kutoa mchango wao kwa sababu yuko mwingine anayetoa. Kuanzia hapo kikundi si chao tena, hata kama sheria ya inchi ya tarehe 20/7/2001 inaweka mkutano mkuu wa wanamemba juu ya wote.

Tukumbuke kanisa letu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi pale Nkamba tarehe 6/4/1921. Mwezi wa Septemba alikuwa amekwisha kukamatwa, na tarehe 12/10/1951 akafia kifungoni Elisabethville. Serikali ya Wabeleji ilikubali kanisa tarehe 24/12/1959 tu. Hesabuni: miaka 38 bila karatasi, wengi wakihamishwa mbali na kwao. Kulikuwa na watu waliojuana kwa majina, na Mama Muilu akiwashika pamoja. Hata hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono ya waamini na kwa nsinsani, yale mashindano ya kutoa ambayo ninyi nyote munayajua (na munayafurahia!).

Lakini kuna swali gumu zaidi. Mjane asiye na franga za mchango, afutwe katika orodha? Wengine wanasema sheria ni sheria, wengine, tumsamehe. Sisi hatupendi jibu hata moja. Kumfuta ni kusahau kwa nini wale saba walichaguliwa katika Matendo 6: wajane walikuwa wanapitwa. Kumsamehe kila mwezi nako kunamfanya mgeni kwa wenzake, mwishowe anaona haya kusema neno mkutanoni. Jembe lakini analo. Siku yake katika shamba la kikundi iandikwe kwenye daftari mbele ya jina lake, na mkutano upatane mapema siku hiyo ni sawa na franga ngapi. Na prezida asiyetoa, jina lake lisomwe vilevile.