Haki ya ng'ombe haianzii kwenye kisu

Muislamu wa mjini akifika buchani huuliza jambo moja tu: amechinja nani? Akiambiwa ni Muislamu, hulipa, akachukua kilo yake na kwenda zake. Swali hilo ni la msingi. Lakini je, ndilo swali pekee?

Katika Surat An-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu (SW) anatutaka tupate mazingatio kwa wanyama wa mifugo, ambao maziwa yao safi hutoka baina ya kinyesi na damu. Basi tumtazame ng'ombe. Hana meno ya mbele ya juu; nyasi huzizungushia ulimi akazing'oa. Tumbo lake lina vyumba vinne, na katika kile kikubwa vimo vijidudu visivyohesabika vinavyovunja nyasi na mabua ambayo binadamu akila hayamfai kitu. Hucheua akatafuna upya, lishe ikaingia kwenye damu, damu ikaipeleka kwenye kiwele. Tunapata maziwa, samli, nyama, ngozi, mbolea na nguvu ya kuvuta plau.

Wapo wanaosema: maadamu ameumbwa kwa manufaa yetu, tumfanye tutakavyo. Hoja hii haisimami. Surat Yasin, aya ya 71 hadi 73, inatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaumba wanyama hawa na kuwatiisha kwetu, kisha inatuuliza juu ya shukrani. Anayedaiwa shukrani ameshika amana. Ndiyo maana Mtume (SAW), kama alivyopokea Abu Daud, alimkemea mtu aliyemshindisha ngamia wake njaa na kumchosha kwa kazi.

Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mikoa ya mbali, kama Shinyanga na Singida, wakapitia mnada wa Pugu. Ni safari ya mamia ya kilomita. Ng'ombe akisafirishwa kwa kubanwa, bila maji, akipigwa fimbo na kusokotwa mkia ili ainuke, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli humwishia. Akichinjwa katika hali hiyo, nyama yake huwa nyeusi na huharibika upesi. Dhulma huacha alama hadi kwenye sufuria.

Atauliza mtu: je, nyama hiyo ni haramu? Masharti ya kuchinja yakitimia, mateso ya njiani peke yake hayaiharamishi. Lakini dhambi ya kumtesa ipo palepale, shingoni mwa aliyetesa. Katika Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (SAW) aliagiza kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ikiwa dakika ile ya mwisho ina haki yake, vipi saa zote za kwenye lori?

Ndugu Muislamu, mnunuzi ni wewe. Iwe ni kilo moja ya buchani au ni watu saba mnaochangia ng'ombe wa Udh-hiya, ulizeni pia: amekuja vipi? Amepewa maji? Mfanyabiashara akiona wateja wanauliza na wengine wanaondoka, atajirekebisha. Hiyo nayo ni sehemu ya shukrani.

Wallahu a'alam.