Undugu wa Ndani ya Mlango

Katika mji wa Lahore, zama za utawala wa Waingereza katika Bara Hindi, palikuwa na loji ya Frimasoni iliyoitwa Hope and Perseverance, nambari 782, ambayo mwaka 1886 ilimpokea kijana mwandishi wa gazeti, Rudyard Kipling, ingawa hajatimiza miaka 21 iliyowekwa na kanuni, kwa kuwa wakubwa wa loji walikuwa na haja ya katibu hodari. Kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, alikuta humo Waislamu, Mabaniani na Makalasinga, na bawabu wa loji alikuwa Myahudi, ambaye kwa jamaa zake wachache mjini ndiye kuhani na ndiye mchinjaji. Na kwa kuwa kuta zilikuwa tupu, Kipling alitaka shauri kwa baba yake, mkuu wa shule ya sanaa, zikatundikwa mapazia kwa mfano wa hekalu la Nabii Suleiman. Raia wa nje waliziita nyumba za namna hiyo jadu ghar, nyumba za uchawi. Wala sisi wa Afrika Mashariki tusiwacheke, maana uvumi wetu wa utajiri wa ghafula na kafara za watu umewapita.

Siri za Frimasoni hazinishughulishi. Kinachonishughulisha ni jambo moja katika ada ya kumwingiza mgeni, ambaye huvuliwa kila kitu cha madini, fedha na pete na saa, akafungwa kitambaa machoni, akala kiapo juu ya kitabu kitakatifu, kisha, akiisha kufunguliwa macho, huombwa sadaka mbele ya hadhira nzima. Hana hata senti, na ni lazima akiri hivyo kwa kinywa chake, ili siku atakapojiwa na ndugu fakiri aikumbuke saa ile. Wako wahubiri wangapi waliohubiri ufukara kwa saa nzima wasifikie nusu ya hayo?

Lakini baada ya ibada, saa na fedha hurudishwa kwa mwenyewe, na mlango hufunguliwa. Sajini aliyekuwa ndugu wa karani wa Kihindi kwa muda wa jioni hutoka akawa sajini, na karani humwamkia kwa heshima kama jana. Na Kipling yuleyule, mwaka 1899, alitunga shairi la kuwahimiza Wamarekani wautwae utawala wa Ufilipino, kana kwamba wenyeji wake hawana akili ya kujitawala. Je, alikuwa mnafiki? Sidhani. Naona sababu imo katika kanuni zenyewe, zilizochapishwa London mwaka 1723 na kasisi James Anderson, zinazokataza ugomvi wa dini na wa siasa usiingizwe lojini. Katazo hilo ndilo lililowezesha Mwislamu na Baniani kuketi pamoja kwa amani, na hilohilo likawazuia kuulizana kwa nini huko nje mmoja anatawala na mwingine anatawaliwa. Undugu usioruhusiwa kuuliza hauna njia ya kutoka chumbani.

Nasema haya bila ya kujitukuza, kwani msikitini kwetu mlango u wazi na safu ni moja, na juu ya hayo mwungwana na mtumwa walitoka kila mmoja na daraja yake, karne baada ya karne, na wanazuoni wengi wakiona. Huko Lamu, mwanachuoni Habib Saleh alipoanza kuwafundisha dini watoto wa watumwa na wa watu duni, kundi la waungwana lilichukizwa mno, si kwa kuwa alizua itikadi mpya, bali kwa kuwa alilichukua neno lililokwisha kukubaliwa ndani ya msikiti akalifanyia kazi mitaani. Wafuasi wake wakazidi, uhasama nao ukazidi, naye hakuacha kufundisha.