Sikuja Kuomba, Pasta

Masomo: Luka 17:11-19, Zaburi 50, Habakuki 3:17-19

Leo naanza na kukiri kosa, tena kosa langu mimi mchungaji wenu.

Mnakumbuka ule ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Ukishuka na barabara ya Namanga, kutoka Isinya mpaka Kajiado na kuendelea, mizoga ya ng'ombe ilikuwa pembeni, na waliobaki hai walikuwa wanainuliwa na watu asubuhi ndio wasimame. Februari 14, 2023, taifa likakusanyika uwanja wa Nyayo kuombea mvua. Sisi hapa Kitengela pia tuliitisha kesha. Kanisa lilijaa, wengine wakasimama nje kwa madirisha. Tulilia, jamani. Machi mvua ikaanza kunyesha.

Basi tukatangaza ibada ya kushukuru. Hata mstari wa nne wa viti haukujaa. Nikampigia simu ndugu mmoja, akaniambia, "Pasta, si unajua matope ya huku kwetu? Hakupitiki." Mvua tuliyoililia usiku kucha ndiyo ikawa sababu ya kutokuja kuishukuru!

Lakini kosa langu si hilo. Katika ile ibada ndogo alikuwepo mzee mmoja wa upande wa Mashuuru, amekuja kumwona binti yake. Ng'ombe wake walikuwa zaidi ya hamsini, wakabaki wanne. Nikampa maikrofoni. Akasema, "Ashe. Ashe oleng," akanyamaza. Nikadhani ameishiwa na maneno. Nikamrukia: "Mzee wetu, tukuombee Mungu akurudishie mara mbili kama Ayubu?" Akanitazama kwa upole. "Sikuja kuomba, Pasta. Nimekuja kumwambia asante. Nikimaliza nitaketi."

Kumbe alikuwa bado anaendelea! Mimi ndiye niliyemkatiza.

Nilienda nyumbani nikiwa na aibu. Nikaona kwamba tumeifanya shukrani kuwa kama nauli ya matatu: unalipa haraka haraka ili ufikishwe unakotaka kwenda. "Asante kwa uhai, asante kwa afya, sasa Baba, kuhusu ile ploti yangu..." Hapo hujashukuru bado, mpendwa. Umebisha hodi tu.

Tazama wale wakoma kumi. Wote kumi walimwita Yesu kwa sauti. Wote kumi walitii, maana walianza safari ya kwenda kwa makuhani kabla hawajapona. Imani walikuwa nayo. Kwa kipimo chetu hao ni washirika wazuri wote, hata uongozi tungewapa. Na njia waliyoishika ni Yesu mwenyewe aliyewatuma. Mmoja tu ndiye alikatiza safari akageuka, na alikuwa Msamaria, mgeni. Luka anatuambia alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kubwa. Sauti iliyoomba ndiyo iliyoshukuru. Hebu jiulize, yako ya kesha na yako ya asante zinatoshana? Kisha akaanguka kifudifudi miguuni pa Bwana. Hiyo ni ibada, na hakukuwa na kwaya wala kinanda.

Katika Zaburi ya 50 Mungu anawaambia watu wake kwamba fahali zao hazimtishi. Wanyama wa msituni ni wake, makundi ya milimani ni yake, na angekuwa na njaa asingewaambia wao. Wamaasai mnalielewa hili kuliko sisi wengine: mwenye kundi hashangai ukimletea mbuzi wake mwenyewe. Anachotaka ni dhabihu ya shukrani. Hiyo haiko zizini, iko kwako, na hatakunyang'anya. (Mweka hazina asinikasirikie. Sadaka leteni, ila bahasha isije peke yake.)

Kwa Kimaasai neno Enkai ni Mungu, na mvua pia huitwa hivyo hivyo. Sisi tulipokea mvua tukamsahau Mungu.

Najua kuna anayesoma hapa akisema, "Pasta, mvua hiyo hiyo mwaka 2024 iliingia kwangu." Ni kweli. Aprili na Mei ya mwaka huo Mto Athi ulifurika, na huku Kitengela watu wakaokolewa kutoka majumbani, godoro na vyombo vimeenda na maji. Siwezi kukuambia umshukuru Mungu kwa mafuriko. Paulo aliwafundisha Wathesalonike kushukuru wakiwa katika kila hali. Hakuwaambia wasifu kila balaa. Habakuki naye, kabla ya kusema atamfurahia Bwana, alitaja hasara moja moja: mtini, mizabibu, mashamba, mpaka zizi lisilo na mnyama. Hakujifanya limejaa.

Yule mzee nilimfuata baadaye kumwomba msamaha. Akaniambia ng'ombe wake waliokufa, akiwataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, na machozi yakamtoka. Nikamuuliza, sasa ulikuwa unashukuru kwa nini? Akasema, "Kwa hao wanne. Na kwa sababu bado niko na wa kumwambia."

Kwa hivyo kesha la Ijumaa hii tumelibadilisha. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita usiku hatutapeleka ombi lolote. Maji ya chumvi, bei ya boza, karo, kazi iliyoisha kule EPZ, yote tutayaombea baada ya saa sita, na kwa bidii. Kabla ya hapo, kila mtu ataje kitu kimoja alichoomba akapewa, halafu hakurudi. Mimi nitaanza, kwa sababu niko na deni tangu Machi 2023. Ukikuta kumenyesha, vaa mabuti, tukutane.