Kusoma kwa Mdomo na Kusoma kwa Akili



Jioni moja huko Kasenga, kando ya mto Luapula, tulimkuta mtoto akimsomea nkambo wake kitabu cha Kifaransa. Alisoma upesi, bila kukwama, nasi tulifurahi kumsikia. Alipomaliza ukurasa, yule mama mzee, asiyejua hata herufi moja, alimwuliza: «Mjukuu wangu, kitabu kinasema nini?» Mtoto alinyamaza. Kisha akajibu: «Sijui, nkambo. Lakini mwalimu alisema nasoma vizuri.»

Basi tujiulize: je, mtoto yule alisoma? Na sisi tuliomsifu, tulimtendea haki?

Wengine watasema: si kitu, sauti kwanza, maana itafuata. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kujua herufi na sauti zake ndio mlango wa kusoma, na hakuna aingiaye nyumbani bila kupita mlangoni. Lakini akaaye mlangoni siku zote hali chakula cha nyumba ile. Tena mtoto akisifiwa kwa jambo asilolielewa, anajifunza jambo jingine baya: kwamba maneno ni kelele tu, na kwamba kujifanya kuelewa ni sawasawa na kuelewa. Hapo kosa si la akili tu, ni kosa juu ya ukweli.

Mtoto wa Kasenga haji shuleni mikono mitupu. Ajua kupambanua samaki aitwaye pale na yule aitwaye mpumbu; ajua mtumbwi, kafi na wavu, na majira ya mto kujaa na kupungua. Kibemba amekipata kwa mama yake, Kiswahili amekipata sokoni na kwa wenzake. Hiyo ni mali. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo: neno lipite kwanza sikioni na mdomoni, ndipo lifike machoni na mkononi. Kiswahili chafaa sana kwa kazi hiyo, maana huandikwa karibu kama kisemwavyo. Bali katika Kifaransa, herufi tatu za neno «eau», yaani maji, husikika kama «o» moja tu. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma lugha aielewayo, huuchukua ufundi ule na kuvuka nao mpaka lugha ya pili. Lakini yule aliyepewa herufi ngeni na maneno mageni siku moja, ametwikwa mizigo miwili kichwani.

Sheria ya mafundisho ya Kongo ya mwaka 2014 yenyewe yazitaja lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia, pamoja na Kifaransa. Hatuwalaumu wazazi wanaotaka Kifaransa: ndicho lugha ya mitihani na ya ofisi, na asiyekijua atafungiwa milango mingi. Twasema tu kwamba nyumba hujengwa kutoka chini.

Tangu mwaka 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, watoto wengi waliingia na madarasa yakajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hushawishika kuwasomesha wote kwa sauti moja, na sauti ya wengi huficha ujinga wa mmoja. Twaijua taabu yake. Hata hivyo aweza kuchagua maneno machache kila siku, kuyaonyesha kwa vitu, kuyarudia kesho katika sentensi nyingine, na kumwomba mtoto asimulie habari kwa maneno yake mwenyewe. Na mtoto asemaye: «Neno hili silijui», asichekwe. Huyo ndiye aliyeanza kusoma.

Twakumbuka katika Matendo ya Mitume, Filipo alipomkuta Mwethiopia garini akisoma kitabu cha nabii Isaya, hakumsifu kwa sauti yake. Alimwuliza kama anaelewa. Yule nkambo wa Kasenga aliuliza swali lile lile.

Basi, wazazi, msiseme: «Sisi hatukusoma, tutasaidia nini?» Swali hilo moja halihitaji shule. Mwulizeni mtoto kila jioni, mkishona nyavu au mkisonga bukari. Naye akinyamaza, msimpige: nendeni naye kwa mwalimu, mkaulize pamoja.